Gurudumu la Nyuma

Kwa hesabu ya fedha peke yake, mtu mwenye mshahara hana sababu ya kufungua tairi la pikipiki yake mwenyewe. Hapa ninapoishi, Dakawa, kando ya barabara ya kutoka Morogoro kwenda Dodoma, kuziba pancha ni shilingi 2,000. Kubadilisha tairi, ukija na tairi lako, ni 5,000, na kwa fedha hiyo fundi anakutolea gurudumu, analirudisha, anakaza cheni, anakujazia upepo na kukupa na habari za mji. Kazi yote inamchukua dakika 25. Mimi, nikiwa kivulini, nina maji ya kunywa na hakuna anayenitazama, inanichukua saa nzima. Baada ya hapo nasugua mikono kwa sabuni ya unga na mchanga, na bado usiku nikila ugali nasikia harufu ya mpira kwenye vidole.

Nimeipiga hesabu hiyo kwenye daftari, kwa sababu watu wananiuliza sana. Kwa mwaka mmoja napata pancha kama 18, nyingi zikiwa za kiangazi. Hizo ni shilingi 36,000. Nabadilisha tairi mara mbili, 10,000. Jumla 46,000. Upande wa pili, vyuma viwili vya kubandulia tairi nilinunua 10,000, spana mbili 12,000, pampu ndogo 18,000, viraka, gundi na msasa 6,000, na tyubu ya akiba 8,000. Jumla 54,000. Kwa hiyo mwaka wa kwanza nilipata hasara ya shilingi 8,000. Mwaka wa pili niliokoa 40,000, ambazo ukizigawa kwa miezi 12 ni sahani moja ya chipsi mayai kwa mwezi. Ukizigawa kwa saa 20 nilizochuchumaa kwenye vumbi, nimejilipa shilingi 2,000 kwa saa.

Rafiki yangu wa chuo, tuliyesoma naye Sokoine, aliiangalia ile karatasi akacheka. "Dada, wewe una digrii. Unajichafua wa nini? Mpe fundi elfu mbili yake, kaa kwenye benchi, soma WhatsApp."

Namwelewa. Lakini nadhani swali limeulizwa kwa kipimo kisicho chake. Linauliza nani anaifanya kazi hii kwa bei nafuu, na jibu lake ni fundi, kila siku. Kwangu mimi swali limekuwa jingine: pancha ikitokea mahali ambapo fundi hayupo, mimi ni nani pale?

Mimi ni afisa ugani. Wakulima wananiita Bibi Shamba, hata wale walionizidi miaka 40, na nina miaka 29. Nahudumia vijiji vinne. Cha mbali zaidi kiko kilomita 31 kutoka lami, na katika hizo 31 kuna kipande cha kilomita 14 ambacho hakina nyumba, hakina duka, na simu inashika mtandao kwenye kichuguu kimoja tu ambacho madereva wote wa bodaboda wanakijua. Pikipiki niliinunua kwa mkopo wa SACCOS, ya Kihindi, cc 150, yenye rimu za spoki na tairi za tyubu. Kazini kwangu pikipiki ndiyo kila kitu. Viwavijeshi vamizi ukitaka kuwaonyesha watu, unafika shambani asubuhi kabla jua halijawa kali, wakati kiwavi bado hajajificha ndani kabisa ya moyo wa mhindi. Ukifika saa 5, utaonyesha matundu ya majani tu, na mkulima hapigi dawa matundu.

Miaka miwili ya kwanza nilikuwa nalipa kama wengine. Fundi wangu ni mzee mmoja anayekaa chini ya mwembe, pale njia ya vumbi inapoacha lami. Ana kompresa iliyochoka, karai la maji meusi, rundo la tyubu zilizokufa zilizoning'inizwa kwenye tawi, na pistoni kuukuu ya gari. Hiyo pistoni ndiyo mashine yake ya kuzibia. Anaibana juu ya kiraka, anamimina mafuta kidogo ndani yake, anawasha, na moto ukizima mwenyewe kiraka kimeshikana na tyubu kama ngozi moja. Nimewahi kuona watu wa mjini wakipiga picha ile pistoni. Yeye huwaacha wapige, kisha huwauliza kama wana pancha.

Siku moja, pancha yangu ya tatu kwa mwezi ule, nilimwambia, "Mzee, shikamoo. Leo nina ombi. Nifundishe."

"Marahaba, Bibi Shamba. Nikufundishe halafu mimi nile nini?"

Alicheka, na mimi nikacheka, lakini swali lilibaki limekaa kati yetu kwenye benchi. Tulikubaliana hivi: alasiri tatu, nimlipe 10,000, na nimpitie mahindi yake robo eka nyuma ya nyumba, ambayo yalikuwa yameliwa mpaka yanasikitisha. "Wewe unipe la kwako, na mimi nikupe la kwangu," akasema.

Somo lenyewe halikuwa nilivyodhani. Mtu akiitazama kazi hii kwa mbali anaona nguvu: chuma kinaingizwa kati ya tairi na rimu, fundi anakunja uso, kitu kinaruka. Alasiri ya kwanza mzee hakunipa chuma. Alinipa rimu tupu, akaniambia nipitishe kidole kuanzia ukingo mmoja hadi mwingine. Katikati rimu imeshuka, kama mfereji.

"Hilo bonde," akasema. "Sasa shika mdomo wa tairi. Uvute."

Nilivuta. Hauvutiki. Ndani ya mdomo wa tairi kuna waya wa chuma, mduara kamili, hauongezeki hata unywele. Na mduara huo ni mdogo kuliko ukingo wa rimu. Ndiyo maana tairi halichomoki ukiwa njiani. Basi litatokaje? Linatoka kwa sababu upande mmoja wa mdomo ukiusukumia bondeni, upande wa pili unapata nafasi, sentimita chache tu, na hizo zinatosha kuuvusha juu ya ukingo. Unaanzia penye pini ya upepo, kwa kuwa pale shina la pini linauzuia mdomo usishuke, na upande unaoelekea pini ndio unaoukanyagia bondeni kwa goti. Wakati wa kurudisha unageuza: unaanzia mkabala na pini, na kumalizia penye pini.

"Ukiona unatumia nguvu," mzee alisema, "acha. Nenda upande wa pili ukaangalie. Utakuta umepanda, haujashuka bondeni. Watu wanaongeza nguvu, wanaleta bomba refu, wanakunja rimu. Na tyubu wanaikata."

Alinionyesha zile tyubu kwenye tawi. Kumbe hazikuwa takataka, zilikuwa darasa. Hii iliingia msumari: tundu moja, safi. Hii ilibanwa kati ya chuma na rimu na fundi mwenye haraka: matundu mawili yanayotazamana. Hii ilitembezwa haina upepo: imesagika mpaka imetoa unga. Hii ilikatwa shingoni penye pini, kwa sababu mwenye pikipiki alikuwa anatembelea upepo mdogo, tairi likawa linazunguka kidogo kidogo juu ya rimu na kuivuta pini. Ukijua kuisoma tyubu, unajua tabia ya mwenye pikipiki.

Nilijifunza kupitisha kitambaa ndani ya tairi kabla ya kurudisha chochote, kwa sababu mwiba uliotoboa tyubu ya kwanza mara nyingi bado umo humo unaisubiri ya pili. Nilijifunza kujaza tyubu upepo kidogo kabla ya kuiingiza, iwe na umbo lake, isijikunje na kuingia chini ya chuma. Kupaka maji ya sabuni kwenye mdomo wa tairi. Kusugua tyubu kwa msasa, kupaka gundi na kusubiri mpaka ikauke, jambo ambalo watu wengi hawaliamini: kiraka hubandikwa juu ya gundi iliyokauka, si mbichi. Na mwisho kabisa, kabla ya kupanda, kuzungusha gurudumu kwa mkono na kukanyaga breki, kwa sababu ukitoa gurudumu la nyuma umefungua pia fimbo ya breki, na pikipiki isiyo na breki ya nyuma inawaka na kuondoka vizuri tu bila kukuambia neno.

Kwa upande wangu nilimwonyesha namna ya kuvizia viwavi asubuhi, wapi pa kuelekeza dawa, na kwa nini asubiri siku saba kabla ya kurudia. Mahindi yake ya msimu uliofuata alivuna. Aliniletea debe.

Mwezi Septemba mwaka juzi nilikuwa narudi kutoka kijiji kile cha mbali. Ilikuwa saa 11 na nusu jioni. Katikati ya zile kilomita 14, gurudumu la nyuma likaanza kuyumba kama linakanyaga matope, ingawa barabara ilikuwa kavu kama mfupa. Mwiba wa mgunga, mrefu kama kidole cha mtoto. Jua lilikuwa limebaki kama urefu wa mkono juu ya miti.

Wanawake wanaosoma hapa hawahitaji kuelezwa barabara isiyo na watu saa 11 na nusu jioni inavyokuwa. Mambo unayoyafikiria unayafikiria yote kwa mara moja: simu, kichuguu chenye mtandao, umbali wa kichuguu, nguo ulizovaa, nani anajua uko wapi. Nilisimamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, nikatandika khanga ya kuwekea nati, nikaanza.

Gurudumu lilikuwa limeshatoka, na mdomo mmoja wa tairi uko nje, niliposikia pikipiki inakuja. Vijana wawili. Walipunguza mwendo, wakanipita kidogo, wakasimama.

"Dada, umekwama?"

"Sijakwama. Nabadilisha tyubu."

Nimezifikiria sana sentensi hizo mbili. Zinaeleza hali ileile, mahali palepale, pikipiki ileile isiyo na gurudumu. Lakini aliyekwama anangoja, na anayengoja hachagui nani aje. Mimi nilikuwa na kazi mkononi, na kazi ile ilikuwa na mwisho. Nilijua baada ya dakika 20 hivi nitaondoka, na wao pia waliliona hilo.

Walishuka. Mmoja akawasha tochi ya simu bila kuombwa, kwa sababu giza lilikuwa linaingia, akanimulikia mikono. Mwingine alichuchumaa upande wa pili, akaukanyaga mdomo wa tairi kwa magoti yote mawili. "Uko bondeni, dada. Vusha." Naye alikuwa anajua. Niliuvusha. Nilipomaliza waliniomba pampu, la kwao la mbele lilikuwa limelegea, wakajaza, wakaniambia nitangulie wao wanifuate mpaka kwenye nyumba za kwanza. Walifanya hivyo, kisha wakapiga honi na kukata kushoto.

Walikuwa vijana wema. Ninalisema hili kwa sababu hadithi za aina hii huwa zinataka kuwa na watu wabaya, na yangu haina. Ninachojua ni kwamba usalama wangu jioni ile haukutegemea wema wao kabla sijawajua. Wema wao ulikuwa nyongeza. Na nyongeza hiyo inapokelewa kwa furaha tofauti kabisa na pale inapokuwa ndiyo yote uliyonayo.

Kuna faida nyingine ya kujua kazi hii, nayo sikuitarajia: nimekuwa mteja mgumu. Mwaka jana nilikwenda mjini kununua tairi la nyuma, saizi 3.00-17, katika duka moja ambalo jina lake tuliache. Kijana wa dukani akanitolea tairi limefungwa nailoni, linang'aa. Nikalizungusha kutafuta namba. Kila tairi lina maandishi ubavuni ambayo wengi wetu tunayaona kama mapambo. Namba 3.00 ni upana kwa inchi, 17 ni kipenyo cha rimu. Ukikuta 50P, hamsini ni alama ya mzigo, na maana yake ni kilo 190, na P ni mwendo wa hadi kilomita 150 kwa saa. Kuna mshale wa mwelekeo wa kuzunguka. Na kuna namba nne ndani ya umbo kama yai: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Tairi lile lilikuwa limeandikwa 2317.

"Hili ni la mwaka 2017," nikasema.

"Hizo namba za kiwandani tu, sista. Mpya hilo, ona vinyweleo vyake."

Vinyweleo vilikuwepo, ni kweli. Lakini mpira huzeeka hata bila kutembea, hasa ukianikwa mlangoni mwa duka juani. Nililikunja ubavu kwa vidole, nikamwonyesha nyufa ndogo ndogo zinazofunguka. Hakubisha tena. Aliingia ndani akatoka na jingine, bei ileile. Fundi wao akalifunga, na mshale ukawa unaelekea nyuma. Nikamwomba aligeuze. Alinitazama kwa muda, akaligeuza.

Siku hiyo nililipa. Sikufunga mwenyewe, nilikuwa na gauni na nilikuwa nawahi kikao. Lakini nililipa nikiwa na macho. Tunapojadili kufanya mwenyewe au kumlipa mtu, tunasahau kwamba anayejua kufanya ndiye pekee anayeweza kulipa vizuri. Asiyejua huwa halipi kazi, analipa imani. Mara nyingi imani hiyo inastahili. Mara chache haistahili, na pikipiki ina magurudumu mawili tu, ukipoteza moja hakuna la kukushikilia.

Katika kusoma kwangu huku na kule nimegundua kwamba hata huku kufungua tairi kulibuniwa. Mwaka 1845 Mskoti mmoja, Robert William Thomson, alipata hataza ya tairi la upepo, wazo likasahaulika. Mwaka 1888, huko Belfast, Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, alilibuni upya kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Dunlop alikuwa daktari wa mifugo, jambo lililonifurahisha, maana ni kama mtu wa idara ya jirani ofisini kwetu. Tairi za mwanzo zilishikizwa kwenye rimu kwa gundi. Kuziba pancha ikawa ni kazi ya kubandua, kubandika upya, na kungoja zikauke. Ndipo mwaka 1891 ndugu wawili wa Kifaransa, André na Édouard Michelin, wakatoa tairi la baiskeli ambalo mwenye baiskeli angeweza kulifungua mwenyewe njiani, na mwaka huohuo Charles Terront akashinda nalo mashindano ya kutoka Paris hadi Brest na kurudi, karibu kilomita 1,200.

Mpira wa tairi hizo ulitoka mahali. Miaka hiyohiyo, katika Kongo iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, watu walisukumwa msituni kwa bunduki kwenda kugema mpira, na wengi waliuawa au kukatwa mikono, mpaka mwaka 1908 alipoondolewa nchi hiyo mikononi. Kwetu, Wajerumani walipanda mashamba ya mipira upande wa Tanga, bei ikaanguka muda mfupi kabla ya vita ya 1914. Silitaji hili ili tairi liwe zito kuliko lilivyo. Nalitaja kwa sababu kitu ninachokishika kila wiki kwa mikono miwili kina watu ndani yake, na nilikuwa sijui.

Na hapa narudi kwenye swali la mzee, maana sijalijibu. Nikufundishe halafu mimi nile nini?

Nilipoanza kuziba mwenyewe, nilipita pale mwembeni kwa miezi miwili bila kusimama, zaidi ya kupunga mkono. Siku niliyosimama kumsalimia akaniuliza, "Siku hizi miiba imekuhurumia?" Hakukuwa na lawama sautini. Lakini zile 46,000 za daftari langu, ambazo kwangu ni chipsi mayai, kwake ni pembejeo ya robo eka. Na mimi si peke yangu. Pikipiki mpya nyingi zinakuja na rimu za kumwaga na tairi zisizo na tyubu. Pancha yake inazibwa kwa uzi wa mpira unaosokomezwa kwa sindano kutokea nje, dakika tano, gurudumu halijatoka. Kijana yeyote mwenye kifurushi cha nyuzi na pampu anaweza kukaa mahali popote. Ujuzi wa bonde na waya, ujuzi wa kuisoma tyubu, unapungua soko mwaka hadi mwaka. Mwanafunzi wake wa mwisho, kijana wa kidato cha nne, aliacha akaenda kuendesha bodaboda Morogoro mjini, kwa hesabu ya kila siku kwa tajiri.

Nikaamua, na bado nashikilia uamuzi huo: pancha ya porini ni yangu, kazi ya lami ni ya mzee. Nikipata pancha njiani nabadilisha tyubu, na ile iliyotoboka nampelekea yeye aizibe kwa pistoni yake, ambayo kwa kweli inaziba vizuri kuliko gundi yangu. Tairi jipya linafungwa kwake. Daftari langu haliafiki mpango huu, lakini daftari halijawahi kukaa njiani saa 11 na nusu, wala halijawahi kuletewa debe la mahindi.

Februari mwaka huu nilimpelekea tairi la nyuma kama kawaida. Nilimkuta kwenye benchi ameegemea mti, karai halina maji.

"Shikamoo mzee. Vipi hali?"

"Marahaba. Mgongo umekataa, Bibi Shamba. Kukaa nakaa. Kuinama siinami." Akasukuma kisanduku cha vyuma kwa mguu mpaka kikafika kwangu. "Wewe si unajua?"

Vyuma vyake ni vipande vya springi ya gari, vimesuguliwa na mikono ya miaka mingi mpaka vimelainika kuliko vyangu vya dukani. Nilitoa gurudumu. Yeye alikuwa anaangalia, na mara mojamoja anasema neno: sabuni, geuza, shuka bondeni. Dereva wa bodaboda aliyekuja kujaza upepo akasimama kutazama. "Mzee, umepata kijana mpya?"

"Huyu Bibi Shamba," akasema mzee, kana kwamba hilo linaeleza.

Nilipomaliza nilijaza upepo wa 28, nikazungusha gurudumu, nikakanyaga breki. Ilishika. Kisha nikatoa noti ya 5,000 nikampa kwa mikono miwili. Aliitia mfukoni, akatoa noti mbili, moja ya 2,000 na moja ya 1,000, akanirudishia.

"Mzee, ya nini tena?"

"Elfu mbili ni ya macho. Hiyo nimeifanyia kazi. Ya mikono si yangu, chukua."

Sikubishana naye. Nilikunja zile 3,000, nikateka maji kisimani kwake nikajaza karai, kwa sababu wateja wa jioni walikuwa bado hawajaja na yeye asingeweza kuinama kulijaza.